Jumapili Ambayo Haikufungwa

Jumapili ilifutwa mchana kweupe, watu wakiwa bado wamo ndani yake.

Walikuwa wameshatoka kanisani, wamesimama uwanjani kwenye mnada wa sadaka. Mezani kulikuwa na miwa, mkungu wa ndizi, boga, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye aliwatazama wazee wa kanisa kwa dharau isiyofichika. Mama Nsiande, mzee wa kanisa na mnadishaji tangu watu wapate akili za kumkumbuka, alikuwa ameinua yai moja juu ya kichwa chake. Yai hilo hakuna aliyejua lilitolewa na nani. Lilikutwa kwenye kapu la sadaka limefunikwa kwa jani la mgomba, likanunuliwa, likarudishwa, likanunuliwa tena, likarudishwa tena, maana ndiyo desturi ya pale. Ukishataja bei ya juu mnadani, kabla hujaitwa mara ya tatu, unaulizwa mbele ya watu, "Unachukua au unarudisha?" Mwenye haraka zake husema nachukua, akaenda zake na boga lake, wala hakuna wa kumlaumu. Mwenye kuguswa husema narudisha, bei yake anaiacha sadaka, na kitu kilekile kinapanda juu kuuzwa upya. Kwa njia hiyo yai moja liliwahi kuezeka nusu ya paa la kanisa bila kuvunjwa.

Mama Nsiande alikuwa ameita bei, amesema mara ya kwanza. Alikuwa amesema mara ya pili. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kwa ajili ya mara ya tatu, ile ya mwisho, ndipo askari wa Mtunza Saa, mtawala wa mji, walipoingia uwanjani, wakapanda juu ya meza, wakamkanyaga jogoo mkia, wakasoma tangazo. Kuanzia sasa Jumamosi itafuatwa na Jumatatu. Siku iliyokuwa katikati haipo, haikuwepo, na atakayesema kwamba aliiona atahesabiwa kuwa aliota. Wakakunja karatasi yao. Walipokuwa wanaondoka wakaitazama kengele ya kanisa, rimu la lori lililoning'inizwa kwenye nguzo, wakaona ni zito, wakachukua nondo ya kulipigia. Watu wakatawanyika. Mchungaji Aminieli akabaki amesimama pale, mikono imefika kifuani, kwa sababu katika kanisa lile baraka ya mwisho hutolewa nje, baada ya mnada, watu wakiwa na miwa yao begani, na yeye alikuwa ndiyo kwanza anajiandaa kuitoa.

Haikutoka. Ikamkwama kooni.

Basi sikilizeni hapo, maana swali la hadithi hii ndilo hili, nami sioni haya kulitaja mapema. Mtu anayeishi katika siku fulani, ukiifuta siku hiyo, yeye anahamia wapi? Mfanyabiashara ana Jumatatu yake, mlevi ana Jumamosi yake, hata mvivu ana adhuhuri yake. Mchungaji Aminieli alikuwa na Jumapili. Siku nyingine alizipitia tu, anazika, anaombea wagonjwa, anapatanisha wanandoa waliorushiana sufuria, lakini vyote hivyo vilikuwa ni njia ya kwenda au kurudi kutoka kwenye ile siku moja ambamo alisimama mbele ya watu akajua yeye ni nani. Jumatatu iliyofuata baada ya tangazo aliinama kwenye beseni kunawa uso, na viganja vikapanda na maji matupu. Akajitazama kwenye kioo. Akauona ukuta ulio nyuma yake, ukiwa mzima, na mjusi wake.

Toka hapo watu wakawa wanamwita vyovyote. Muuza duka alimwita fundi, akamlaumu kwa mlango ambao hakuutengeneza. Jirani alimwita shemeji, akamsimulia habari za ndugu asiowajua. Askari mmoja alimsimamisha njiani akamwita mzee wa maji, akamuuliza kwa nini bomba halitoi. Yeye aliitika majina yote. Alimwomba radhi muuza duka kwa ajili ya mlango, akamwahidi askari kwamba maji yatarudi. Na kila jina alilolikubali lilimpunguza kidogo, mpaka ikawa akipita mahali pa jua ardhi haipati kivuli cha kutosha hata kuku kujistiri.

*Mimi ni nani Jumatatu? Nani aliyetawaza kitu kisicho na siku? Kondoo wangu wako wapi? Nimemwona mmoja pale gulioni, amenitazama, ameniuliza bei ya viazi. Ee Bwana, nimemtajia bei ya viazi.*

Ile baraka nayo ilikaa kooni pale pale. Alijaribu kuishusha kwa tonge kubwa la ugali, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Ugali ukashuka, baraka ikabaki. Alipolala aliisikia inapumua. Alipoongea, maneno yote yalilazimika kupita pembeni yake, kwa hiyo sauti yake ikawa nyembamba na ya upande. Jengo la kanisa lilikuwepo, lakini watu waliopita karibu nalo waliona ghala, na wengine waliona kichaka, na yeye mwenyewe kuna asubuhi aliliona kama kitu alichowahi kusimuliwa. Alihuzunika sana, na huzuni yenyewe ikakosa siku ya kupumzika.

Muda gani ulipita hakuna ajuaye, maana saa ilikuwa moja tu mjini na mwenye saa hakuwa mtu wa kuulizwa. Mtunza Saa aliishi juu ya mnara, na saa yenyewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba mishale yake ilikuwa ya chuma kinene. Ndiye aliyeamua lini kumekucha. Wazee walisema alizaliwa palepale mjini, na mama yake alikuwa mtu wa kawaida kabisa, lakini jina lake lilikuwa limesahauliwa na kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe. Cheo kilikuwa kimelimeza.

Asubuhi moja huyo mkubwa akashuka mnarani kwa miguu yake, akabisha hodi kwenye nyumba ya mchungaji.

"Mchungaji Aminieli," alisema.

Mchungaji nusura aanguke. Ilikuwa imepita enzi nzima bila kusikia jina hilo likitoka kinywani mwa mtu. Lilimwingia mwilini kama chai ya tangawizi, na papo hapo pua ikamrudia, kisha kidevu.

"Karibu, mheshimiwa. Karibu ukae."

"Sikai. Saa yangu inachechemea." Mtunza Saa alisema hivyo kwa uchungu, kama baba anayeeleza ugonjwa wa mwanawe. "Ikifika mwisho wa Jumamosi inaruka, na ikitua Jumatatu inatua vibaya. Nimeifungua, nimeipaka mafuta, nimewafukuza mafundi. Mwisho nikaisoma sheria niliyoiandika mimi mwenyewe. Imeandikwa kwamba siku haifutwi kabla haijafungwa. Ile Jumapili yenu haikufungwa, Mchungaji. Iko wazi hadi leo, na upepo unapita."

"Na inafungwaje?"

"Wewe ndiye wa kuniuliza mimi? Si kwa yale maneno yako ya mwisho, yale ya kuinua mikono? Njoo uyaseme. Waite watu wako, simama pale uwanjani, watolee hiyo baraka, siku iishe kwa heshima. Nami nitakupa uso wako wote. Nitakujengea kanisa la Jumatatu, lenye bati jipya na vipaza sauti. Ukikataa, nitaenda zangu, na wewe endelea kuwa mzee wa maji mpaka uishe kabisa."

Hapo ndipo mtego ulipokuwa mtamu. Angeambiwa amkane Bwana wake angekataa hata kama angebaki ukucha. Lakini alikuwa anaombwa kubariki! Alikuwa anaombwa afanye jambo lilelile alilolilia kila siku, ambalo lilimsakama kooni hadi limemtoa machozi. Kuna ubaya gani kuwabariki watu? Alijiuliza mara moja, akajijibu haraka, na hakupenda kujiuliza tena.

"Nitakuja," alisema.

Habari zikapita kutoka jiko hadi jiko. Siku ilipofika (iliitwa Jumatatu, lakini kila mtu aliitamka akitazama chini), watu wakajaa uwanjani. Walikuja na kanga zilizofutuka, kwa sababu mikono yao ilikuwa imebeba vitu bila kuwauliza. Mmoja alikuwa na boga, mwingine yule jogoo wa sadaka, kamba imeshamtoka miguuni, mwingine fungu la mchicha, na walipoulizana mbona umebeba hicho, kila mmoja alijikuna kichwa. Meza ilikuwa palepale. Rimu la lori lilikuwa palepale, bubu. Mtunza Saa alisimama kando na askari wake, na kule mnarani saa ikasikika ikichechemea.

Mchungaji Aminieli akasimama mbele. Walioko nyuma waliona kanzu nyeupe tupu iliyosimama yenyewe.

"Bwana Yesu asifiwe!"

Mtu mmoja, kisha watatu, kisha uwanja mzima: "Amina!"

Lile neno likampiga kifuani. Masikio yakamrudia. Akawatazama, akawaona mmoja mmoja, yule wa viazi alikuwa mstari wa mbele analia bila kujificha. Jinsi alivyowapenda! Baraka ikapanda kooni kwa nguvu, ikafika nyuma ya meno. Akainua mikono, ikapita kifuani, ikapita mabegani, ikafika juu. Mtunza Saa akavuta pumzi.

"Baba Mchungaji, samahani."

Alikuwa Mama Nsiande. Alikuwa amesimama kando ya meza, amefunga kitenge kifuani, na mkono wake umeingia ndani ya kitenge.

"Samahani sana, Baba. Naomba nikumbushe utaratibu."

"Utaratibu gani, mama?"

"Baraka huwa baada ya mnada. Na mnada haujaisha."

Akautoa mkono. Ndani ya kiganja kulikuwa na yai.

"Nilikuwa nimeita mara ya kwanza na mara ya pili. Ile ya tatu sikuisema, baba zangu. Tangu waje hawa vijana na karatasi yao nimekaa nayo mdomoni. Hata chakula nakula upande mmoja."

Mtu akacheka. Kicheko kikaruka kwa mwenzake, na Mchungaji Aminieli akasimama na mikono yake hewani huku jambo zima likimfungukia. Haujaisha! Kumbe ile siku haikuachwa nyuma hata kidogo. Kumbe tangu askari wapande juu ya meza watu wote hawa walikuwa wakitembea ndani yake. Zile Jumatatu zote za maji matupu kiganjani zilikuwa zimewekwa juu ya Jumapili kama kitambaa juu ya meza, na ukikipapasa unaigusa meza. Alipomwomba radhi muuza duka kwa mlango wa mtu mwingine, ilikuwa ni Jumapili. Alipomwahidi askari maji, ilikuwa Jumapili. Wafu aliowazika akiwa hana uso alikuwa amewazika Jumapili, tena wote, na wakati wote huo mwanamke mmoja amelala chali kila siku asije akalivunja yai, anasubiri mtu ainue mkono aongeze bei. Naye, mchungaji wao, alikuwa amekuja hapa kuwafungia mlango kwa maneno matamu. Aibu ikampanda, kisha furaha ikaipita aibu mbio. Mikono ikashuka.

"Mama," alisema, na sauti haikuwa ya upande tena, "endelea na mnada."

"Hapana!" Mtunza Saa alipaza sauti. "Mama, sema hiyo mara ya tatu tumalize!"

"Nitasema, mheshimiwa, mbona una wasiwasi? Lakini lazima niulize kwanza kama kuna mwenye zaidi." Akaligeuza yai juani. Kama lilikuwa viza baada ya muda wote huo, hakuna aliyethubutu kuuliza. "Yai hilo, wapendwa! Yai la kienyeji, limelelewa kifuani! Nani ana zaidi?"

Hakuna aliyetaja fedha. Sijui kwa nini, pengine fedha ni kitu cha Jumatatu. Yule wa viazi ndiye aliyeanza, akasema natoa usingizi wangu wa mchana, na papo hapo macho yakamng'aa. Akaulizwa unachukua au unarudisha, akasema narudisha. Mjane mmoja akasema natoa kicheko cha marehemu, nilikuwa nimekificha, na uwanja ukakisikia kicheko chenyewe, kinene, cha mtu aliyeshiba, kikapita juu ya vichwa kikatua mezani karibu na boga. Narudisha. Kwaya ikaanza pambio bila kuambiwa, sauti ya pili ikachelewa kama kawaida yake. Mzee mmoja akatoa magoti yake ya ujanani. Msichana akatoa hofu yake, Mama Nsiande akaipima mkononi, akasema hii ni nzito, tunaipokea. Narudisha! Narudisha! Yai likapanda na kushuka, likapita mkono kwa mkono, na kila lilipopita kitu kilirudi mahali pake. Waliokuwa wakiona ghala wakaona kanisa. Waliokuwa wakiona kichaka wakaona mlango, tena wazi.

"Mchungaji Aminieli!" Mtunza Saa aliita. Safari hii jina lilikuwa na kamba ndani yake. "Tulipatana. Sema maneno yako."

Mchungaji Aminieli akainua mkono. Mmoja tu. Kwa kuinua mikono miwili angekuwa anabariki, lakini kwa mmoja alikuwa mteja kama wengine.

"Mama Nsiande, na mimi nina bei."

"Sema, Baba."

"Natoa baraka yangu. Ile iliyonikwama. Sina kitu kingine, na hii nayo siyo yangu, lakini ndiyo niliyokaa nayo."

Akakohoa. Ikatoka. Wanaosema ilikuwa ndege na wanaosema ilikuwa mwanga wote hawakuwepo. Waliokuwepo wanasema ilikuwa ni pumzi tu, ya joto, iliyofika mpaka mstari wa nyuma, na kila mtu akahisi ametajwa. Kisha ikakaa mezani katikati ya sadaka, haijatamkwa, haijafunga chochote. Mchungaji akawa na uso wote, na mikunjo yake, na alama ya ndui shavuni ambayo alikuwa ameshaisahau. Kivuli chake kikaanguka ardhini, kirefu, cheusi, na jogoo akaenda kukaa ndani yake.

"Unachukua au unarudisha?"

"Narudisha, mama! Narudisha mbele ya wote!"

Watu wakapiga vigelegele. Sasa Mtunza Saa alikuwa amebakiwa na njia moja. Alikuwa mwerevu na aliiona. Siku isiyofungwa kwa baraka ingeweza kufungwa kwa kununua. Atoe bei ambayo hakuna wa kuifikia, aitwe mara ya tatu, aseme nachukua, aondoke na yai, na mnada ungekuwa umekwisha. Akawasukuma askari wake pembeni akainua mkono.

"Natoa saa."

Pambio lilikatika. Kule mnarani kitu kikubwa kilisimama, na ukimya wake ukashuka mpaka chini. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kuzidi saa, na kila mtu aliyekuwa pale alijua hivyo. Msichana aliyetoa hofu yake alitazama mezani kana kwamba anataka kuiomba tena.

Mama Nsiande akaliweka yai katika kiganja cha Mtunza Saa. Lilikuwa na joto. Lilikuwa na joto la viganja vyote vya mji ule, na yeye, aliyezoea chuma, alikunja vidole kidogo kwa woga.

"Bei imefika," alisema Mama Nsiande. "Kwa jina la nani?"

"La Mtunza Saa."

"Hicho ni cheo, mwanangu. Mnadani tunaita jina."

Mtunza Saa akatazama mnara wake kama ungemwambia. Ndipo Mchungaji Aminieli akatoka mahali pake, akaja akasimama ubavuni mwake, karibu, kama anavyosimama na watu makaburini.

"Mimi pia nililipoteza," alimwambia polepole. "Ulikuja ukaniita, nikalipata. Usiogope. Mama yako alikuwa akikuitaje ukiwa umechelewa kurudi nyumbani?"

Muda ukapita, ingawa hakukuwa na saa ya kuupima.

"Zefania," alisema. "Aliniita Zefania."

"Zefania!" Mama Nsiande akalitupa jina lile juu, kwa sauti ileile aliyowaitia mafukara na walimu na wauza mkaa, na uwanja wote ukageuka kumtazama mtu aliyeitwa. "Yai hili linakwenda kwa ndugu yetu Zefania! Mara ya kwanza!"

"Zefania," watu wakaitikia.

"Mara ya pili!"

"Zefania!"

Ile mara ya tatu ilikuwa mdomoni, kila mtu aliiona ilivyolivimbisha shavu lake.

"Zefania, mwanangu. Unachukua au unarudisha?"

Alilitazama yai. Aliwatazama watu, ambao hawakumchukia, walikuwa wanasubiri tu, kama wanavyomsubiri mteja yeyote. Hakuna mtu aliyewahi kumsubiri. Siku zote yeye ndiye aliyesubiriwa na hofu za watu, na hilo ni jambo jingine kabisa. Askari wake walishika mikanda yao. Machozi yalimshuka, yakamfika kidevuni, hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imelishika yai.

"Narudisha," alisema.

Hawakumsikia nyuma.

"Narudisha!"

Nani atasimulia kelele zile? Vigelegele viliwatoa njiwa kwenye paa. Wanaume walikimbia mnarani, wakarudi wamebeba mshale mkubwa wa saa begani, watu wazima wanacheka kama wametoka kuoga mtoni. Mchungaji Aminieli aliupokea, akausogelea ule mduara wa chuma uliokaa bubu kwenye nguzo, akaupiga kwa mshale wa saa, na kengele ikalia mpaka kwenye vijiji ambavyo havikujua kwamba vimeikosa. Akampa Zefania naye apige. Zefania alipiga vibaya, akakosea, akapiga tena.

Mezani, katikati ya miwa na maboga na hofu za watu, baraka ilikuwa bado inapumua, haina haraka. Mama Nsiande akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akajikohoza, akaliinua yai juu ya kichwa chake.

"Haya, wapendwa, yai hilo! Nani anaanza?"